Kutweka, Kujitwika na Kutwika: Uinuaji wa Vyuma Vizito katika Mnara wa CN

Utangulizi

Mara nyingi husikika, hata katika kumbi zetu za mihadhara, kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi na siasa, na kwamba mhandisi anayetaka kueleza kazi yake hana budi kukimbilia Kiingereza. Makala haya yanadhamiria kulitia dai hilo katika mizani kwa kutumia tatizo moja halisi: kitu kizito huwekwaje kwenye kilele cha mnara ilhali juu ya kilele hapana pa kukining'iniza? Mfano wetu ni Mnara wa CN ulioko Toronto, Kanada, uliojengwa na shirika la reli la Canadian National kuanzia 1973 na kufunguliwa 1976. Una urefu wa mita 553, na hadi 2007 ndio uliokuwa mrefu kuliko majengo yote duniani yanayosimama bila kushikiliwa na nyaya.

Kutweka na mpaka wake

Baharia wa Lamu hainui tanga, hulitweka. Kutweka ni kupandisha kitu kwa kukivuta kwa kamba kutoka juu. Foromali na tanga lake ni mzigo mzito, lakini kamba inapopita katika kapi mara kadhaa uzito hugawanyika. Mzigo ukishikwa na kamba nne, mvutaji huhitaji takriban robo ya nguvu, tukiacha msuguano kando. Malipo yake ni kwamba, ili mzigo upande mita moja, atavuta kamba mita nne. Winchi za bandarini Mombasa hufuata kanuni iyo hiyo, ila injini imechukua nafasi ya mikono.

Hata hivyo, kapi haliwezi kupandisha mzigo kupita pale lilipofungwa. Chombo cha baharini tayari kina mlingoti. Mnara unaojengwa hauna. Wenyewe ndio mlingoti. Hapa ndipo kutweka pekee kunaposhindwa.

Kujitwika: mnara unaojipandisha

Jibu la kwanza la wahandisi wa Toronto lilikuwa kuusukuma ujenzi kutoka chini. Zege lilimiminwa ndani ya kalibu kubwa, na lilipoanza kushika, kalibu hiyo ilipandishwa polepole kwa jeki, ikaacha ukuta mgumu chini yake na kupokea zege jipya juu. Kila hatua ya ukuta ikawa ngazi ya hatua iliyofuata. Mnara ulipanda kwa kiasi cha mita 6 kwa siku, na kufikia Februari 1974 nguzo ya zege ilikuwa imekamilika. Njia hiyo pia hutumiwa kujengea dohani za viwanda na maghala marefu ya nafaka.

Kwa kazi hii napendekeza kitenzi kujitwika. Mtu hujitwika mzigo pale anapouweka mwenyewe kichwani pake bila msaidizi. Vivyo hivyo mnara huu ulibeba vifaa vya kuujengea, ukapanda navyo. Aidha, wajenzi walitumia timazi kubwa kuhakikisha kwamba nguzo haipindi, kwa maana kosa dogo chini huwa kubwa juu.

Kutwika: mlingoti wa kilele

Lililobaki lilikuwa mlingoti wa chuma wa kurushia matangazo, wenye urefu wa mita 102. Huu haukuweza kumiminwa kama zege. Ulikatwa vipande 44, kizito zaidi kikiwa na tani 8 hivi, na Machi 1975 helikopta ya Sikorsky iliyopewa jina Olga ikaanza kuvipandisha kimoja kimoja. Ni bayana kwamba ukubwa wa kipande haukuamuliwa na mchoro wa msanifu peke yake. Uliamuliwa pia na uwezo wa mbebaji.

Helikopta ilitweka, lakini mafundi waliokuwa kileleni ndio waliotwika: walikipokea kipande kinachobembea kwenye upepo, wakakielekeza mahali pake, wakakifunga kwa bolti. Kazi iliyokadiriwa kuchukua miezi sita ilimalizika kwa wiki tatu na nusu hivi. Kipande cha mwisho kilifungwa tarehe 2 Aprili 1975.

Hatari kubwa ilitokea kabla ya hapo, wakati wa kutua, yaani kushusha. Winchi iliyotumika kileleni ilipaswa kuondolewa na helikopta hiyo hiyo. Ilipokwisha kufungwa kwenye waya wa Olga, winchi ilijipinda na bolti zake zikakwama. Helikopta ikawa mateka: imefungwa kwa mnara, huku mafuta yakipungua. Mafundi walilazimika kuzikata bolti kwa moto. Olga ilipotua, mafuta yaliyosalia hayakutosha robo saa.

Neno linapokuwa uhai

Tukio hilo linatufunza kwamba msamiati wa uinuaji si pambo. Hebu msomaji afikirie mafundi wa hapa kwetu wakipandisha chuma juu ya jengo. Anayeongoza akipaza sauti, "Acha!", anataka kazi isimame. Akisema, "Achia!", anataka kamba ilegezwe. Irabu moja, tena katikati ya kelele za mashine na upepo, ndiyo inayotenganisha mzigo uliotulia na mzigo unaoanguka. Kwa hiyo yafaa amri hizi ziwe mbali kimatamshi: tweka kwa kupandisha, tua kwa kushusha, simama kwa kukomesha. "Acha" na "achia" zisitumike kabisa kwenye eneo la kazi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kiswahili kinatofautisha kutweka, kujitwika, kutwika na kutua, dhana nne ambazo ujenzi wa Mnara wa CN ulizihitaji zote. Maneno yamo, baadhi yakiwa kwa manahodha na mengine kwa wachukuzi wa mizigo. Kinachokosekana ni kuyapa maana moja thabiti na kuyafundisha. Wanafunzi wenzangu wanaotafuta mada za utafiti wa istilahi wasianzie kwenye kamusi za Kiingereza. Waanzie gatini na kwenye majengo yanayojengwa, wawaulize mafundi wanaitana vipi mzigo unapokuwa hewani.