Kupanga mwonekano wa jedwali mtambuka kwenye Excel

Jedwali mtambuka hukutanisha makundi mawili ya data: mikoa inashuka kwa mistari, miezi inapita juu kwa safu, na pale inapokutana hukaa jumla. Lotus Improv ilifungua njia hiyo mwaka 1991, na mwaka 1993 Microsoft ikaiingiza kwenye Excel 5 kwa jina la PivotTable. Hesabu yenyewe haimsumbui mtu. Kinachosumbua ni sura, kwa sababu jedwali hujijenga upya kila linapohuishwa, na mapambo yaliyowekwa kwenye seli mojamoja hupotea au huangukia takwimu zisizohusika. Kinachopambwa basi ni uga (field), si seli.

Tangu toleo la 2007, Excel hurundika mkoa na wilaya katika safu moja yenye kichwa "Row Labels". Mpangilio huo haufai kwa ripoti inayokwenda kwa bosi. Kwenye "Design", kisha "Report Layout", "Show in Tabular Form" huipa kila ngazi safu yake na jina lake. Kichwa "Sum of Mauzo" nacho kibadilishwe. Excel hukataa "Mauzo" tupu kwa kuwa jina hilo lipo kwenye data ya msingi, lakini hulikubali likiongezwa nafasi moja mwishoni.

Tarakimu zipangwe kwa kubofya kulia na kuchagua "Number Format", si "Format Cells". Ya kwanza hushika uga mzima hata mikoa ikiongezeka. Kwa shilingi, senti ni uchafu tu: #,##0 inatosha, na mkato mmoja mwishoni, yaani "#,##0,", huonyesha maelfu bila kugusa hesabu. Katika "PivotTable Options", alama ya "Autofit column widths on update" iondolewe, la sivyo upana wa safu utavurugika kila jedwali likihuishwa.

Seli tupu zinahitaji uamuzi. Excel huruhusu kujaza sifuri au kistari, na kistari ndicho cha kweli zaidi, kwa maana duka lisiloleta taarifa si duka lisilouza kitu. Wanaotumia DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliojengwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika Tanzania, Kenya na Uganda, wanalijua tatizo hili vizuri: kwa kawaida mfumo huo hauhifadhi sifuri mpaka msimamizi auruhusu kwa kipengele husika.

Kazi kubwa zaidi ni miezi. Excel inayotumia Kiingereza inajua kwamba March hutangulia April, kwa sababu imekuja na orodha ya miezi ya Kiingereza ndani yake. Miezi ya Kiswahili haiijui. Kwake ni maneno tu, hivyo huyapanga kwa alfabeti: Agosti, Aprili, Desemba, Februari, Januari, na kuendelea hadi Septemba. Ripoti ya mauzo ya saruji inayoanza na Agosti na kurukia Aprili haisomeki. Aliyeandika data kwa Kiswahili safi anaadhibiwa na programu aliyoilipia, na wengi hukata tamaa wakarudi kwenye Jan na Feb. Hakuna haja ya kurudi huko.

Njia inayoonekana ya haraka ni kuandika juu ya kichwa. Mtu akisimama kwenye seli ya Agosti, akaandika Januari na kubonyeza Enter, safu ya Januari huhamia hapo pamoja na takwimu zake zote. Hatari yake ni kubwa. Akikosea herufi moja, akaandika "Januri", Excel haihamishi kitu. Inaibadilisha Agosti jina. Takwimu za Agosti zinabaki palepale chini ya kichwa "Januri", na kuhuisha hakurekebishi. Jedwali linaonekana zuri na linadanganya. Kwa ripoti ya watu wanaotegemea takwimu, njia hii iepukwe.

Dawa ya kudumu ni orodha maalumu. Miezi yote 12 iandikwe kwenye seli zinazofuatana, ichaguliwe, kisha kwenye "File", "Options", sehemu ya "Advanced", karibu na chini kabisa, kuna "Edit Custom Lists"; hapo iingizwe kwa "Import". Baada ya hapo uga wa mwezi upangwe upya kwa A hadi Z, na miezi itajipanga kwa kalenda. Orodha hii ina uhuru ambao ile ya Kiingereza haina: inaweza kuanzia popote. Mwaka wa fedha wa serikali, Tanzania na Kenya, huanza Julai 1, kwa hiyo ofisi ya umma inaweza kuianza kwa Julai na kuimaliza kwa Juni. Ichaguliwe moja, ya Januari au ya Julai, isiwe zote mbili kwenye kompyuta moja. Siku za wiki, ambazo kwa alfabeti huanza na Alhamisi, hutibiwa vivyo hivyo. Data nayo isafishwe kwanza: "Machi" yenye nafasi iliyojificha mwishoni huhesabiwa kuwa mwezi mwingine na hupata safu yake.

Rangi za masharti, zinazobadilika kulingana na thamani ya seli, zina mtego mmoja. Zikishika seli zote za thamani, jumla kuu hunyakua rangi iliyokolea na mikoa yote hufifia. Kitufe kidogo kinachojitokeza pembeni baada ya kupaka rangi kina chaguo la tatu, linalotaja uga wa mkoa na wa mwezi kwa majina. Hilo huziacha jumla nje.

Kwa kuchapa, karatasi ilazwe, upana uwe ukurasa mmoja, na "Set print titles" iwekwe alama ili vichwa virudi kila ukurasa. Orodha ya miezi hukaa kwenye kompyuta ilikotengenezwa, kwa hiyo anayehamia mashine mpya aiingize kabla ya kujenga jedwali lake la kwanza.