Mbio Ndefu na Wajibu wa Ndoa: Kipimo ni cha Nani?

Kila mwaka mji wa Moshi hupokea wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon, na wengi wao si wanariadha wa kulipwa. Ni walimu, wauguzi, wafanyabiashara. Ni baba na mama wa familia. Mbio za kilomita 42.195 hudai miezi ya mazoezi, na zoezi moja la kilomita 30 humchukua mtu wa kawaida saa tatu au zaidi. Mara nyingi saa hizo ni za Jumamosi au Jumapili asubuhi, watoto wakiwa nyumbani. Je, mwanandoa afanye mazoezi kiasi gani?

Aristotle anatusaidia. Katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako anafundisha kwamba mazoezi yakizidi huharibu nguvu, na yakipungua huharibu vilevile. Fadhila iko katikati. Lakini katikati hiyo si ya hesabu tu: chakula kilicho kidogo kwa Milo, mwanamieleka mashuhuri, ni kingi kwa anayeanza. Kipimo humtazama mhusika.

Hapa imani inaongeza neno. Katika ndoa mhusika si mmoja tena. Wawili wamekuwa mwili mmoja. Haitoshi basi mume kusema, "Miguu yangu inaweza." Anaweza kuzimudu kilomita 80 kwa wiki, na bado zikawa zimezidi, kwa sababu mzigo wake unabebwa na mke anayeogesha watoto na kuwapeleka Misa peke yake. Akiwa mkimbiaji ni mke, kipimo ni kilekile.

Je, wanandoa waache mbio? Hapana. Mtume Paulo anamtumia mkimbiaji kuwa mfano wa kujitawala (1Kor 9:24-27), na mwili wenye afya ni zawadi kwa familia nzima. Ila tusiige bila kufikiri. Eliud Kipchoge amejulikana kwa kukaa kambini Kaptagat siku za wiki na kurudi kwa familia yake mwishoni mwa wiki. Kwake mbio ni kazi na riziki. Kwa mhasibu wa ofisini ni burudani njema, na burudani hufuata wajibu.

Paulo anatupa pia kanuni. Akisema juu ya wanandoa kunyimana unyumba kwa ajili ya sala, anaweka masharti: wapatane, iwe kwa muda, kisha warudiane (1Kor 7:5). Ikiwa hata sala ina masharti hayo, mazoezi yatakosaje?

Maswali ya kutafakari pamoja, mume na mke:

1. Je, ratiba hii tumeipanga wawili, au mmoja ametangaza na mwingine amenyamaza?

2. Mazoezi haya yanaisha lini?

3. Anayebaki na watoto leo, zamu yake ya kupumzika ni ipi?

Nasi mafrateri, tutakaowaandaa wachumba kesho, tujizoeze kuuliza maswali hayo kabla ya kutoa majibu.