Kununua na Kuruhusiwa: Somo Juu ya Bidhaa za Mtandaoni



Katika darasa letu la baada ya Isha kijana mmoja alituletea swali lililowagawanya wenzake makundi matatu. Wao, kama vijana wengi wa zama hizi, hununua kwa simu na kompyuta zao vitabu, michezo na programu. Siku moja walibishana: je, vitu hivi tunavyovinunua ni mali yetu, au si mali yetu? Wa kwanza akasema: "Nimelipa, basi ni changu." Wa pili akasema: "Si chako, na masharti yameandikwa, ukikubali, umekubali." Wa tatu akacheka akasema: "Ikiwa kununua si kumiliki, basi kunakili bila ya kulipa nako si wizi." Kijana akaniuliza: "Sheikh, ni nani kati yetu aliyesema kweli?"

Nikamjibu: "Mwanangu, kila mmoja ameshika kipande cha kweli, wala hakuna aliyeishika yote." Nikamwahidi kuyaandika maelezo yake, na haya ndiyo maelezo yenyewe. Swali hili, ingawa latokana na michezo, si la mchezo, kwani linahusu mali za watu na ukweli wa maneno katika biashara.

MAANA YA KUNUNUA

Kwanza yatupasa tujue maana ya maneno. Kununua ni kutoa thamani iliyojulikana ili kitu kilichojulikana kitoke katika milki ya muuzaji kiingie katika milki yako. Kikisha kuingia, tasarufi yake yote ni yako: wakitumia, wakiazima, wakitoa zawadi, wakiuza, na ukifa warithi wako wakigawana. Kitabu nilichokinunua dukani nikiwa mwanafunzi kimo rafuni mwangu hata leo. Duka lile limekwisha kufungwa, wala kufungwa kwake hakukukipunguza kitabu changu hata ukurasa mmoja.

Kukodi ni jambo jingine. Mwenye kukodi hununua manufaa kwa muda, si kitu chenyewe. Muda ukisha, kitu hurejea kwa mwenyewe. Na kuazima ni kupewa manufaa bila ya malipo. Mambo haya matatu yote ni halali, kila moja mahali pake. Madhara huingia pale jina la moja linapovishwa jingine, mtu akadhani amenunua kumbe amekodi.

Sisi watu wa Mombasa hatuhitaji mfano wa mbali. Tunao utaratibu wa nyumba bila ardhi: nyumba ni ya fulani, na kiwanja ni cha mwingine, na mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Utaratibu huu una taabu zake, na wako waliopata mashaka makubwa siku ile kiwanja kilipouzwa. Lakini aghlabu ya wanaoingia humo huijua hali yao tangu mwanzo: wajua kilicho chao na kisicho chao, na kodi wanayolipa huwakumbusha. Lau mtu angeuziwa nyumba, akaambiwa "nunua," wala asielezwe kuwa kiwanja ni cha mwingine awezaye kukifunga apendapo, sote tungesema kwamba amedanganywa.

Bidhaa nyingi za mtandaoni ni nyumba bila ardhi. Unachokishika mkononi chategemea kompyuta za kampuni zilizoko mbali, ziitwazo seva. Tofauti ni kwamba hakuna kodi ya kukukumbusha, na juu ya mlango pameandikwa neno moja tu: "Nunua."

YALIYOTOKEA

Mtu asidhani kwamba twazungumza juu ya hofu tupu. Mwezi wa Julai 2009 kampuni ya Amazon ilivifuta kutoka mbali vitabu viwili vya George Orwell, Nineteen Eighty-Four na Animal Farm, katika vyombo vya kusomea viitwavyo Kindle vilivyokuwa mikononi mwa watu waliokwisha kuvilipia. Sababu yake ni kwamba aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Wasomaji walirudishiwa fedha zao. Lakini mwanafunzi mmoja wa Marekani alikuwa ameandika maelezo yake ya masomo yenye kufuata kurasa za kitabu kile, na kitabu kilipotoweka maelezo yale hayakuwa na faida tena. Mambo yalifika mahakamani yakamalizwa kwa mapatano, na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi jambo hili lilivyo na mafunzo. Kusudio lilikuwa sawa, kwani haki ya mwenye kitabu yapasa kuhifadhiwa. Lakini njia haikuwa sawa. Mwenye duka akigundua kwamba ameuza mali isiyokuwa yake, hapandi ukuta usiku akaingia nyumbani kwa mnunuzi na kukitwaa kitu, kisha akaacha fedha mezani. Tena twajifunza kwamba kurudishiwa thamani si kila mara kurudishiwa haki.

Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kompyuta, na vitabu vilivyokuwa vimenunuliwa humo vikaacha kufunguka. Kampuni ilirudisha fedha zote, na hilo twalisifu. Hata hivyo, ni nani aliyepata kusikia kwamba duka la vitabu limefungwa, na vitabu vya majumbani navyo vikajifunga?

Mfano wa tatu ni wa mchezo uitwao The Crew, wa mashindano ya magari, uliotolewa na kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa mwezi wa Disemba 2014. Mchezo huu ulihitaji seva za kampuni hata kwa mtu achezaye peke yake. Mwezi wa Disemba 2023 uliondolewa madukani, na tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa. Tangu siku hiyo, aliyeulipia hakubaki na chochote cha kucheza, hata kama santuri yake ingali mzima kabatini.

JAWABU YA KAULI TATU

Sasa na tuzipime kauli za vijana wetu.

Yule aliyesema, "Nimelipa, basi ni changu," amesema kama isemavyo akili ya kila mtu, na kama lisemavyo neno lenyewe la kununua. Lakini kulipa peke yake hakumiliki. Hata mwenye kukodi hulipa. Mapatano ndiyo yanayoonyesha ni nini kilicholipiwa. Na katika maduka mengi ya mtandaoni mapatano husema kwamba mnunuzi hupewa leseni tu, yaani idhini ya kutumia. Aghlabu hukataza pia akaunti isihamishwe kwa mtu mwingine. Basi mwenye kukusanya michezo mia katika akaunti yake asidhani kwamba amewawekea wanawe urithi.

Wataalamu wa sheria nao wamehitilafiana. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya Vernor na Autodesk, ilihukumu kwamba aliyepata programu kwa leseni yenye masharti makubwa si mmiliki wa nakala yake, basi hana haki ya kuiuza. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, ilihukumu kwamba leseni ya programu isiyokuwa na mwisho, iliyotolewa kwa malipo, ni mauzo hasa, na mnunuzi aweza kuiuza tena. Kisha mwaka 2019 mahakama hiyo hiyo ilikataa kuwa hivyo kwa vitabu vya kompyuta. Ikiwa majaji waliobobea wanahitilafiana juu ya kilichouzwa, tutamlaumuje kijana wa miaka 20 kwa kutokujua?

Ama yule wa pili aliyesema, "Masharti yameandikwa," twamwambia: ni kweli kwamba mapatano yapasa kutimizwa, na mwenye kutia sahihi bila ya kusoma ana makosa yake. Lakini mapatano hutaka pande mbili zijue. Ikiwa neno "Nunua" limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kitufe, na maneno "hukununua" yamefichwa katika ukurasa wa arubaini, kwa lugha ya mawakili, basi herufi ndogo zimekanusha kilichosemwa na herufi kubwa. Na muuzaji ajua fika ni zipi zitakazosomwa. Mpimaji aliyeandika chini ya meza kwamba ratili yake ni pungufu hajawa mkweli kwa sababu ya maandishi yale.

Ama yule wa tatu, kauli yake ni tamu masikioni, na imeenea sana kwa vijana wa kila nchi. Lakini ni kauli mbovu. Kwanza, kosa la mwenzako halikuhalalishii kosa lako. Mwenye kupunjwa na muuza samaki mmoja hana ruhusa ya kuiba kwa wauza samaki wote. Pili, katika kitabu au mchezo mna jasho la watu wengi: waandishi, wachoraji, watunga programu. Aghlabu yao hawakuyaandika masharti yale wala hawakushauriwa. Tatu, hoja yenyewe yajivunja: mwenye kukodi gari hakulimiliki, lakini atakayelichukua bila ya kulipa hawezi kusema, "Maadamu halikuuzwa, sikuiba." Ukiona bei ni dhuluma, au masharti ni ya hila, njia ya muungwana ni kuacha, au kudai haki yake hadharani.

Na kudai huko kumeanza kuzaa matunda. Jimbo la California lilipitisha mwaka 2024 sheria ya kuwakataza wauzaji kulitumia neno "nunua" kwa bidhaa za mtandaoni, ila wamweleze mnunuzi waziwazi kwamba apewa leseni. Sheria hiyo ilianza kazi tarehe 1 Januari 2025, nayo haiwagusi wanaouza kitu kinachoweza kushushwa kikabaki kwa mnunuzi daima. Duka kubwa la michezo liitwalo Steam lilianza kuonyesha tangazo la namna hiyo mwezi wa Oktoba 2024. Huko Ulaya nako, baada ya kuzimwa The Crew, palianzishwa harakati ya kutaka michezo iliyouzwa isiuawe, na kufikia Julai 2025 saini zake zilizidi milioni 1. Wenye harakati hiyo hawadai kwamba kampuni iendeshe seva zake milele. Wadai kwamba siku ya kuaga, mchezo uachwe katika hali ya kuweza kuchezwa. Kampuni nazo zina udhuru wa kusikilizwa, wa gharama na usalama, na kwamba iko michezo isiyoweza kusimama bila ya seva. Basi na waseme hivyo kabla ya kupokea fedha, si baada yake.

Na yako maduka yaonyeshayo kwamba jambo hili lawezekana. GOG, la Poland, tangu 2008 huuza michezo isiyokuwa na kufuli: mnunuzi huishusha, akaihifadhi, akaicheza bila ya kumwomba mtu idhini.

YATUPASAYO

Sisi wa Kenya tunayo Katiba ya 2010, ambayo katika Kifungu cha 46 yampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidi kikamilifu kile alichokinunua. Haki hiyo ipo. Lakini haki isiyojulikana ni kama kisima kilichofunikwa, watu hupita juu yake na kiu. Kwa hivyo, kabla ya kulipa, jiulize maswali manne:

1. Je, kitu hiki chaweza kushushwa na kuhifadhiwa, kikafanya kazi bila ya intaneti?
2. Kampuni ikifunga duka au ikizima seva, mimi nitabaki na nini?
3. Je, naruhusiwa kukiazima, kukitoa zawadi, au kukirithisha?
4. Ikiwa ni idhini ya muda tu, je, bei hii yastahili idhini ya muda?

Ukisha kuyajua majawabu, ukaridhika, basi lipa bila ya wasiwasi. Kukodi si aibu, na kufurahi kwa kitu cha muda si kosa; hata hoteli twalala usiku mmoja tukashukuru. Makosa ni kulipa thamani ya nyumba kwa chumba cha kupanga.

Na wewe kijana unayeandika programu, kwani wako wengi sasa miongoni mwetu, siku utakapoweka kitufe katika kazi yako, andika juu yake neno la kweli. Ukiuza, andika "Nunua." Ukikodisha, andika "Kodi." Huenda neno la kweli likakupunguzia wateja wachache leo, lakini biashara husimama juu ya imani, na imani ya mnunuzi ikivunjika hairejeshwi kwa tangazo.

Hili ndilo jawabu letu kwa kijana wetu na wenzake. Mwenye hoja iliyo bora kuliko hizi na atuletee, nasi tutaipokea kwa shukrani. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.