Nani Alipe? Somo la Mpakani



Ndugu zangu, nikiwa mwaka wa tatu wa afya ya jamii nilibuni programu ya simu ya kuwakumbusha kina mama wa Busia na Tororo siku zao za kliniki. Kila mama angelipa shilingi 50 za Kenya kwa mwezi. Nilizunguka vijijini wiki mbili na hesabu zangu. Mama mmoja, mtoto mgongoni, akaniambia, "Mwanangu, hiyo hamsini ni ya sabuni." Nilirudi bwenini na aibu yangu, nikaanza kusoma.

Kumbe jibu lilikuwa kwetu. Kuanzia mwaka 1998, shule 75 za Busia ya Kenya ziliingizwa katika mradi wa dawa za minyoo uliochunguzwa na wanauchumi Michael Kremer na Edward Miguel. Wazazi walipotakiwa kuchangia pesa kidogo tu, matibabu yalishuka kwa asilimia 80. Sababu ni kwamba anayemeza dawa humkinga na jirani yake pia, na ni wachache wanaonunua faida ya jirani.

Je, biashara haina nafasi katika afya? Inayo. Swali ni nani alipe. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga hospitali mjini Cairo na kuiwekea wakfu. Maduka na mali nyingine ziliingiza mapato, na mgonjwa hakudaiwa. Hiyo nayo ni hesabu ya biashara, ila mlipaji hakuwa yule aliyelala kitandani.

Kutokana na hayo nimejifunza mambo matatu.

Kwanza, ujue ugonjwa kabla ya kuijua programu. Kaa kwenye benchi la kliniki ukaone kina mama wanakwama wapi.

Pili, soma uhasibu. Nia njema isiyojua gharama zake hufa ruzuku inapokwisha.

Tatu, taarifa za mgonjwa ni amana. Kenya na Uganda zote zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019. Na huku kwetu mama mmoja ana laini mbili za simu na kadi za kliniki za pande zote mbili. Programu ikimhesabu kuwa watu wawili, imezidanganya wizara mbili.

Sasa mpango wangu unakilenga kituo cha afya kiwe mlipaji, kwa sababu mama asipofika, muda na chanjo vinaweza kupotea. Vituo viwili vimekubali kujaribu. Huenda nikashindwa tena, lakini safari hii sitakuwa nimeigusa hamsini ya sabuni.

Zoezi la halaka yenu: chukueni wazo moja la biashara ya afya, mwandike anayefaidika, anayelipa, na atakayeachwa nje. Mkiona wa mwisho ndiye mhitaji zaidi, anzeni upya.

Wabillahi tawfiq.