SOMO LA KATIBU NA WANACHAMA: BUNDUKI KUUKUU AU MPYA?

Chama chenye ghala la mazao au fedha za wanachama hufika wakati kikatafuta bunduki ya mlinzi. Jambo hilo linapoletwa mbele ya Bodi, kwa kawaida kikao hugawanyika pande mbili. Wa kwanza husema inunuliwe ile iliyokwisha kutumika jeshini, kwa kuwa bei yake ni nafuu na chuma chake ni imara. Wa pili hushikilia kwamba mali ya chama yafaa iwe mpya. Mabishano hayo huweza kuchukua siku nzima bila mtu kuuliza risasi zitapatikana wapi.

Historia ya mji wetu ina jibu la swali hilo. Atokaye Kariakoo kwenda Magogoni kwa kupitia Mtaa wa Samora huikuta Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, ameshika bunduki yenye singe. Hata jina la Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, "Carrier Corps", kilichopiga kambi hapo baada ya Dar es Salaam kutwaliwa mwaka 1916. (Wapagazi hao hawakupewa bunduki kuukuu wala mpya, nao walikufa kwa makumi ya maelfu.)

Vita ilipoanza mwezi Agosti 1914, kombania nyingi za askari wa Kijerumani hapa nchini zilikuwa na bunduki za mtindo wa mwaka 1871. Jeshi la Ulaya lilikwisha kuziacha na kuchukua za kisasa. Za zamani zikafaa kupelekwa makoloni. Mkuu wa jeshi hilo, Paul von Lettow-Vorbeck, ameandika kwamba wengi waliona zile za zamani zawafaa askari kuliko za kisasa. Waliotetea zile za zamani hawakuwa wajinga. Risasi yake ilikuwa nene, ya milimita 11, yenye kishindo kikubwa, na walidhani kazi yake itakuwa kupigana na wenyeji wasio na silaha za kisasa. Kwa kazi hiyo hoja yao ilisimama. Lakini bunduki ile ilitumia baruti nyeusi, na kila askari aliyefyatua aliinua wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali alipojificha. Adui alipokuwa Mwingereza mwenye bunduki isiyotoa moshi, unafuu wa jana ulilipwa kwa maisha ya watu. Bunduki ni zile zile. Kazi ndiyo iliyobadilika.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba upya peke yake watosha. Mwezi Aprili 1915 meli ya Rubens ilileta bunduki na risasi kutoka Ujerumani. Ilifukuzwa na manowari ya Waingereza hadi Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikazama kwenye maji mafupi. Shehena iliopolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, ikabidi zifunguliwe na kukaushwa kwa kazi ya miezi. Mali mpya ilifika ikiwa tayari na ugonjwa.

Linalofundisha zaidi ni mwisho wa vita. Jeshi hilo liliposalimu amri huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki zilizokabidhiwa zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Ziliwekwa mikononi mwa askari kwa sababu risasi zake zilipatikana: zilitekwa Tanga Novemba 1914, na Ngomano kando ya mto Ruvuma Novemba 1917, na kwingineko. Bunduki ambayo risasi zake zimekwisha ni gongo zito.

Tuchukue hesabu ya kufundishia tu. Tarakimu hizi si bei za soko. Bunduki iliyotumika yauzwa shilingi 900,000, mpya shilingi 2,400,000. Tofauti ni 1,500,000, na wajumbe wengi huishia hapo. Lakini mlinzi hana budi kufanya mazoezi, tuseme kwa risasi 50 kila mwaka. Za ile kuukuu ni adimu, zaagizwa kwa shilingi 15,000 kila moja, jumla 750,000. Za ile mpya ni 5,000 kila moja, jumla 250,000. Kila mwaka chama chapoteza 500,000, na baada ya miaka mitatu unafuu wote umekwisha. Aghalabu chama hukwepa hasara hiyo kwa kumnyima mlinzi mazoezi, nayo ni hatari kubwa kuliko hasara yenyewe.

Yapo pia ya sheria. Silaha haimilikiwi bila leseni, kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 nayo yazitaka nchi zetu zihakikishe kila silaha ndogo ina alama ya kuitambulisha. Kwa hiyo bunduki "ya jeshini" isiyo na hati za asili yake, au ambayo namba zake zimefutwa, haifai hata kuingizwa katika ajenda. Katibu anayepelekewa bei ya namna hiyo aandike kumbukumbu na aonane na polisi. Kabati la chuma, kufuli na daftari la kutolea silaha viwemo katika makisio ya Mkutano Mkuu tangu mwanzo, maana bila hivyo bunduki huishia chini ya kitanda cha mlinzi.

Kwa majadiliano ya vikundi: Je, ghala lenu lahitaji bunduki, au mlango madhubuti, taa na walinzi wawili? Mzani, jenereta au cherehani mliyonunua mara ya mwisho, vipuri vyake vinauzwa duka gani Kariakoo, na nani aliuliza kabla ya hundi kutiwa sahihi?