Mawakala Waliomo Ndani ya Ruta: Namna ya Kuwapanga na Kuilinda Saraka ya Majina

Kila kifaa cha kusambaza intaneti nyumbani, ambacho wengi wetu tunakiita ruta na wengine hukiita kipanga njia, kimebeba programu ndogondogo zisizoonekana kwa mtumiaji. Programu hizo hukaa zikisikiliza, na zinapopata amri kutoka mahali zilipoelekezwa, huitekeleza bila kumuuliza mwenye nyumba. Huitwa mawakala. Katika somo hili tunakusudia kueleza mawakala hao wanamtumikia nani, na mtumiaji wa kawaida awapange vipi ili ruta aliyoinunua kwa fedha zake isije ikawa chombo cha mtu asiyemjua.

Neno wakala si geni kwetu. Wakala wa mabasi katika stendi hauzi kiti chake. Anauza kiti cha kampuni kwa niaba ya kampuni. Abiria mzoefu, kabla ya kutoa nauli, huangalia kama huyo aliyemshika begi ana kitambulisho na kitabu cha tiketi, kwa kuwa katika stendi hiyohiyo wamo wanaojiita mawakala na basi lenyewe halipo. Ndani ya ruta swali ni hilohilo: huyu anayepokea amri, ametumwa na nani?

Tuanze na saraka, kwa kuwa hapo ndipo mtumiaji anapoweza kupoteza fedha zake.

Mtu anapoandika jina la tovuti ya benki yake, simu au kompyuta haijui tovuti hiyo iko wapi. Huuliza kwanza saraka ya majina ya kikoa, yaani DNS, ambayo hulibadili jina hilo kuwa anwani ya tarakimu. Kwa kawaida kila kifaa cha nyumbani huielekea ruta, na ruta huuliza saraka iliyoandikwa katika mipangilio yake. Hivyo, atakayefanikiwa kubadili tarakimu hizo chache ndani ya ruta amebadili njia ya kila simu, kompyuta na runinga iliyomo ndani ya nyumba, bila kuigusa hata moja. Jina la benki litakuwa lilelile, lakini ukurasa utakaofunguka unaweza kuwa wa tapeli.

Jambo hili limekwisha kutokea kwa kiwango kikubwa. Mwezi Novemba 2011 vyombo vya dola vya Marekani na Estonia vilitangaza kuvunjwa kwa mtandao wa wahalifu waliotumia programu hasidi iliyojulikana kama DNSChanger. Kompyuta zaidi ya milioni 4 katika nchi zipatazo 100 zilikuwa zimeelekezwa kwenye saraka za wahalifu hao. Programu hiyo haikuishia kwenye kompyuta: ilijaribu pia kuingia katika ruta za nyumbani kwa kutumia jina na nywila za kiwandani, ikabadili saraka humo. Ili waathirika wasikatiwe intaneti ghafla, mahakama iliruhusu saraka safi ziwekwe mahali pa zile za wahalifu kwa muda, nazo zikazimwa tarehe 9 Julai 2012. Hadi siku hiyo walikuwapo watu wengi ambao hawakuwa wamesafisha vifaa vyao.

Tuchukue mfano wa mama mwenye nyumba ya wageni yenye vyumba vinane. Ameweka ruta mapokezi, nywila ya waifai ameibandika ukutani, na nywila ya usimamizi ni ileile iliyoandikwa chini ya kifaa tangu kiwandani. Mgeni yeyote aliyelala usiku mmoja ana uwezo wa kufungua ukurasa wa ruta, kubadili saraka, na kuondoka asubuhi. Wiki mbili baadaye mama huyu anafungua ukurasa wa benki, kivinjari kinamwonya kwamba cheti cha tovuti hakiaminiki, naye anabonyeza kuendelea kwa kuwa ana haraka ya kuwalipa wafanyakazi. Onyo lile ndilo lilikuwa kinga yake ya mwisho. Tapeli aliyeiteka saraka anaweza kuiga sura ya benki, lakini hana cheti halali cha jina la benki hiyo, na kivinjari hulitambua hilo. Tunasisitiza: onyo la cheti kwenye ukurasa wa benki au wa malipo halibonyezwi likapitwa. Funga ukurasa, zima waifai, tumia data ya simu, kisha ichunguze ruta.

Uchunguzi wenyewe si mgumu. Ukiwa umeunganishwa na waifai ya nyumbani, fungua kivinjari na uandike anwani iliyochapishwa chini ya ruta. Mara nyingi huwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ingia kwa nywila ya usimamizi. Tafuta mahali palipoandikwa DNS. Utakuta anwani mbili, ya kwanza na ya akiba. Zinaweza kuwa za mtoa huduma wako, nawe una haki ya kumpigia na kumuuliza kama ni zake. Zinaweza kuwa za saraka za umma zinazofahamika, kama 8.8.8.8 ya Google, 1.1.1.1 ya Cloudflare au 9.9.9.9 ya Quad9. Zikiwa nyingine, na mtoa huduma akazikana, chukulia kwamba ruta imeingiliwa. Siku unapothibitisha kuwa zote ni sahihi, ziandike kwenye karatasi na uihifadhi karatasi hiyo pamoja na risiti ya kifaa. Tumeona mara nyingi kwamba mtu hushindwa kugundua mabadiliko kwa sababu tu hakuwahi kujua hali ya mwanzo.

Katika ukurasa huohuo badili nywila ya usimamizi. Watu wengi huichanganya na nywila ya waifai. Ya waifai humruhusu mtu kutumia intaneti. Ya usimamizi humruhusu kuitawala. Mgeni apewe ya kwanza, na ya pili isijulikane na yeyote asiyehusika, hata mtoto wa nyumbani aliye hodari wa kompyuta. Ikiwa ruta ina uwezo wa kutoa mtandao wa wageni ulio peke yake, yule mama mwenye nyumba ya wageni autumie. Uingereza imelifanya suala hili kuwa la kisheria: tangu tarehe 29 Aprili 2024 kifaa cha mtandao kinachouzwa huko kwa watumiaji hakiruhusiwi kuwa na nywila moja ya kiwandani inayofanana kwa vifaa vyote. Kwetu sokoni vifaa vya zamani vyenye nywila za kubahatisha bado vipo, na kazi ya kuibadili inabaki kwa mnunuzi.

Sasa turudi kwa mawakala wenyewe.

Wa kwanza ni wakala wa mtoa huduma. Utaratibu wake, uitwao TR-069, ulitolewa mwaka 2004. Wakala huyu huwasiliana na seva ya kampuni, huripoti hali ya kifaa, hupokea mipangilio na kushusha toleo jipya la programu ya ndani. Ndiye anayemwezesha mhudumu wa simu kusema, akiwa ofisini, kwamba ameona tatizo na amelirekebisha. Yapo mashauri yanayosambazwa kwamba wakala huyu azimwe mara moja. Sisi hatukubaliani nayo moja kwa moja. Kwa mtumiaji asiye na mazoea ya kusasisha kifaa mwenyewe, kumzima wakala huyu ni kubaki na ruta yenye mapengo ambayo mtengenezaji alikwisha kuyaziba. Lililo muhimu ni kwamba amtii mtoa huduma peke yake, wala asiufungulie ulimwengu mzima mlango.

Kilichotokea Ujerumani kinaonyesha maana ya maneno haya. Siku ya Jumapili, tarehe 27 Novemba 2016, wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom walianza kupoteza intaneti, wengine pamoja na simu na runinga zilizopita humo. Programu hasidi iliyotokana na ile iitwayo Mirai ilikuwa ikizunguka duniani ikibisha hodi kwenye mlango namba 7547, mlango ambao hutumika kwa usimamizi wa mbali wa ruta. Ruta za Wajerumani hazikuambukizwa. Zilielemewa na hodi hizo zikaanguka. Marekebisho yalikuja kwa njia mbili: kampuni ilichuja hodi hizo katika mtandao wake na kutoa programu mpya ya ndani, na wateja wakaelekezwa kuchomoa ruta umeme, wasubiri kidogo, kisha waichomeke tena ili ipokee toleo jipya. Mtumiaji wetu anaweza kumuuliza mtoa huduma swali moja la wazi: je, mlango wa usimamizi wa ruta yangu unapokea wito kutoka kwa seva zenu tu, au kutoka kokote? Kampuni inayojua kazi yake italijibu.

Hapa tuseme neno kuhusu umeme. Katika maeneo ambako umeme hukatika mara kwa mara, wapo wanaoamini kwamba kukatika huko husafisha ruta. Kuna ukweli nusu. Mirai hukaa katika kumbukumbu ya muda, na kifaa kikizimwa hufutika. Lakini nywila ikiwa ileile ya kiwandani, kifaa kinaweza kuambukizwa tena dakika chache baada ya umeme kurudi. Na zipo programu sugu zaidi. VPNFilter, iliyofichuliwa Mei 2018 ikiwa imeingia katika vifaa visivyopungua 500,000 kwenye nchi 54, ilikuwa na sehemu yake ya kwanza iliyobaki hata baada ya kuzima na kuwasha. Kwa aina hiyo hapana budi kukirejesha kifaa katika hali ya kiwandani na kukiwekea programu ya ndani iliyo mpya.

Wakala wa pili ni SNMP, ambaye kazi yake ni kujibu maswali kuhusu hali ya kifaa: kiasi cha data kilichopita, muda tangu kilipowashwa, njia zilizo hai. Ni wa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, enzi ambazo wanamtandao walikuwa wakifahamiana. Matoleo yake ya mwanzo hulindwa kwa neno moja tu linalosafiri bila kufichwa, na vifaa vingi vilitoka kiwandani na neno "public" kwa anayesoma na "private" kwa anayebadili. Nyumbani hana kazi, mzime. Katika ofisi, shule au hoteli inayofuatilia ruta zake, tumieni toleo la tatu, ambalo huhakiki jina na nywila na huficha mazungumzo. Wakala huyo apewe ruhusa ya kusoma pekee, tena kwa kompyuta moja inayotambuliwa.

Ofisi hizo mara nyingi huwa na saraka nyingine, ile ya watumishi, ambayo ruta huiuliza kabla ya kumruhusu mtu kuingia. Kwa saraka za LDAP, mlango namba 389 hupitisha maulizo yakiwa wazi endapo usimbaji haukuwashwa, ilhali namba 636 huyasimba tangu mwanzo. Ruta ipewe akaunti yake ya kuulizia, isitumie ya msimamizi mkuu. Mtumishi akihama, jina lake liondolewe siku hiyohiyo.

Wakala wa tatu, UPnP, hupokea maombi kutoka ndani ya nyumba: kamera au mchezo wa runinga huomba mlango ufunguliwe kuelekea nje, naye hufungua bila kuuliza. Tunashauri azimwe. Inawezekana kwamba kamera ya ulinzi itaacha kuonekana ukiwa safarini. Hapo fundi afungue mlango mmoja unaohitajika. Zima pia WPS, ambayo namba yake ya siri ya tarakimu 8 ilithibitika mwaka 2011 kuwa rahisi kuikisia, na uzime kipengele chochote kinachoruhusu ukurasa wa usimamizi kufunguliwa kutoka nje ya nyumba.

Ruta nyingi huonyesha pia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ipitie, lakini usiharakishe kumshuku jirani. Simu za miaka ya karibuni, kuanzia Android 10 na iOS 14, hujitambulisha kwa anwani ya kubuni, hivyo kifaa usichokijua kinaweza kuwa simu iliyo mfukoni mwako. Zima kimoja kimoja uone kipi kinatoweka.

Kwa anayenunua ruta iliyokwisha kutumika, neno letu ni kwamba asiiunganishe kabla ya kuirejesha katika hali ya kiwandani, kwa kubonyeza kwa pini kile kitufe kilichozama kwa sekunde kumi au zaidi. Inaweza kuwa bado inaripoti kwa kampuni ya mwenyewe wa zamani au kuuliza saraka aliyoiweka. Anayefanya hivyo kwa ruta aliyopewa na mtoa huduma aombe kwanza jina na nywila za kuunganishia laini, kwani navyo hufutika, na asipokuwa navyo atakaa bila intaneti mpaka fundi afike.

Mtoa huduma akikataa kueleza saraka anayotumia au mlango aliouacha wazi, mlalamikie kwa maandishi na utunze nakala yenye tarehe. Asiporidhisha, lalamiko hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Na iwapo taarifa zako binafsi zimevuja, lipo pia lango la Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi chini ya Sheria ya mwaka 2022. Ambatanisha ile karatasi uliyoandika anwani za saraka zilizo sahihi, pamoja na picha ya zile ulizozikuta.