Siku Chache Kabla ya Hedhi

Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa, katika chumba chetu cha Wandegeya, mke wangu alilia kwa sababu nilisahau kununua mkaa. Nikapandisha sauti, na neno la talaka likanifika ulimini. Alhamdulillahi, nililimeza. Siku ya tatu akaingia hedhini, akatulia.

Nikaanza kuhesabu siku. Kabla ya damu kuja, homoni za estrojeni na projesteroni hushuka, na baadhi ya wanawake hukosa usingizi, huumwa matiti, hukasirika upesi. Wanaozidiwa wamwone daktari.

Mtume (s.a.w.) alimwambia Bibi Aisha (r.a.) kuwa anajua anapokuwa radhi naye na anapomkasirikia: akiwa radhi huapa kwa Mola wa Muhammad, akikasirika huapa kwa Mola wa Ibrahim. Alimsikiliza hadi kiapo, wala hakumkaripia!

Siku hizo sasa mimi ndiye mpishi, na mazungumzo ya pesa tunayaahirisha. Ila simwambii tena, “Hiyo ni hedhi tu.” Nilithubutu mara moja, akaninunia, na haki ilikuwa yake: mkaa nilisahau kweli.